Rotesheni ya kijijini kwa madaktari wa familia: mwongozo kamili wa kuipanga na kuiendesha mkoani Dodoma

Mwongozo huu wa rotesheni, yaani awamu ya mafunzo kwa vitendo, una wasomaji wawili. Wa kwanza ni mratibu wa mafunzo, au mganga mfawidhi, aliyeambiwa kuwa mwezi ujao atapokea residenti wa tiba ya familia, yaani daktari anayesomea ubingwa wa fani hiyo. Wa pili ni residenti mwenyewe, anayefungasha mizigo kwenda Mvumi, Kongwa, Mpwapwa, Bahi au Chemba. Nimeuandika nikisimamia jambo moja: ratiba ya kijijini ijengwe kumzunguka mgonjwa na kaya yake. Residenti akikaa wiki tatu wodi ya watoto, tatu wodi ya wazazi, tatu upasuaji, kisha akaondoka, atakuwa amepata kile kile ambacho angekipata mjini, tena kwa vifaa pungufu. Kijiji kinampa nafasi ambayo hospitali ya rufaa haina: kumfuata mtu yule yule kutoka nyumbani hadi zahanati, kutoka zahanati hadi wodini, na kumwona tena akisharudi kwake.

Wenzetu wa Kenya walilitambua hili mapema. Chuo Kikuu cha Moi kilipoanzisha shahada ya uzamili ya tiba ya familia mwaka 2005, kiliwapeleka wanafunzi wake katika hospitali za wilaya. Hapa kwetu fani bado ni changa, na wengi wa walioisomea wamepitia Chuo Kikuu cha Aga Khan, Dar es Salaam. Mkoa wa Dodoma una watu zaidi ya milioni 3 kwa sensa ya 2022, na wengi wao tiba yao ya kwanza ni zahanati ya kijiji. Mtaalamu wa familia anatakiwa aijue zahanati hiyo kwa kuifanyia kazi.

Hatua ya kwanza: chagua hospitali kwa kumtazama msimamizi

Watu huanza na majengo. Anza na mtu. Je, yupo daktari mwandamizi anayelala pale pale, anayependa kufundisha, na ambaye hatahamishwa katikati ya mafunzo? Kama hayupo, tafuta hospitali nyingine hata kama hii ina jengo jipya na mashine ya kisasa ya picha.

Baada ya hapo angalia mengine: chumba cha upasuaji kinachofanya upasuaji wa kujifungua usiku na mchana, damu salama, maabara inayofanya kazi wikendi, na zahanati mbili au tatu ambazo pikipiki inazifikia ndani ya saa moja. Hospitali za mashirika ya dini zina sifa nzuri katika hili. Mvumi, wilayani Chamwino, ni hospitali ya Kanisa Anglikana iliyozoea wanafunzi kwa muda mrefu, kwa hiyo wauguzi wake hawamshangai mtu anayeuliza maswali mengi. Hospitali za halmashauri nazo zina faida yake: ndani yake residenti anaona jinsi bajeti, dawa na watumishi vinavyopangwa na timu ya uendeshaji wa huduma za afya ya halmashauri. Kama mafunzo yana awamu mbili za kijijini, mpeleke kote kuwili.

Hatua ya pili: makaratasi

Hapa nitapita haraka, ila usiruke hata kimoja. Barua ya chuo iende kwa Mganga Mkuu wa Mkoa na Mganga Mkuu wa Wilaya, nakala kwa mkurugenzi wa halmashauri. Leseni ya Baraza la Madaktari Tanganyika iwe hai mpaka siku ya mwisho ya rotesheni. Makubaliano yaandikwe: nani anasimamia, nani anagharamia nyumba na usafiri, residenti anaingia zamu ngapi kwa wiki, na nani anawajibika likitokea kosa la tiba. Kwa kazi ya vijijini, residenti ajitambulishe kwa mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji na mwenyekiti wa kijiji kabla hajaingia kaya hata moja. Aende mwenyewe, akiwa na barua mkononi, asimtume mtu.

Hatua ya tatu: panga majira

Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili, na magonjwa huufuata. Wakati wa mvua makorongo yaliyokuwa mchanga mtupu hujaa maji kwa saa chache na kukata barabara, kuhara huongezeka, na maghala ya kaya yanakuwa yameanza kuisha. Kati ya Januari na Machi, kabla ya mtama na uwele kukomaa, ndipo utakapowaona watoto waliokonda. Baada ya mavuno sura inabadilika: chakula kipo, lakini usalama wake unategemea kilivyokaushwa na kuhifadhiwa. Mwaka 2016, kati ya Mei na Novemba, sumukuvu, yaani sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka na karanga, iliwapata watu 68 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na 20 kati yao walikufa. Walifika vituoni wakiwa na manjano, maumivu ya tumbo, kutapika, wengine tumbo limejaa maji. Daktari asiyeuliza “mahindi haya mmeyahifadhi wapi, na nani mwingine nyumbani anaumwa?” anaweza kuwatibu mmoja mmoja kwa ugonjwa wa ini bila kugundua kuwa ni mlipuko.

Kama una wiki kumi na mbili tu, pendekezo langu ni kuanza katikati ya Januari. Residenti ataonja njaa, mvua na mwanzo wa mavuno mabichi. Safari zitakuwa ngumu zaidi, na ni vizuri aujue ugumu huo, maana mgonjwa wake anaujua.

Hatua ya nne: wiki ya kwanza ni ya kutazama

Wiki hii residenti asipewe zamu peke yake, hata kama hospitali ina upungufu mkubwa wa madaktari. Najua shinikizo linavyokuwa: daktari mpya amefika, foleni imefika getini. Mfawidhi ajizuie kwa siku tano.

Siku mbili akae chumba kimoja na tabibu wa wagonjwa wa nje, amsikilize anavyouliza. Tabibu aliyekaa Kongwa miaka kumi anajua kikohozi cha msimu huu kinavyoanza na dawa gani haijaletwa na Bohari ya Dawa tangu mwezi uliopita. Siku ya tatu aingie stoo ya dawa na maabara, aandike orodha yake mwenyewe ya kilichopo na kisichopo. Orodha hiyo itambadilishia namna ya kufikiri, kwa sababu mpango wa tiba unaotegemea kipimo kisichokuwepo haumsaidii mgonjwa.

Siku ya nne asome vitabu vya MTUHA, yaani rejista za takwimu za huduma za afya, vya mwaka uliopita: wagonjwa wa nje, wodi ya wazazi, kliniki ya baba, mama na mtoto. Ahesabu kwa mkono magonjwa kumi ya juu, vifo, na vijiji vilivyoleta wagonjwa waliochelewa. Hata pale ambapo mfumo wa kompyuta upo, vitabu vinaonyesha kitu ambacho jumla haionyeshi, kama vile jina la kijiji kimoja linavyojirudia kwenye safu ya waliojifungulia nyumbani.

Siku ya tano ni ya lugha na adabu. Kiswahili kinatosha kwa wengi, ila bibi aliyezeeka Ugogoni ataongea kwa raha zaidi kwa Kigogo. “Mbukwenyi” ya asubuhi inafungua mazungumzo hata kama hayo ndiyo maneno pekee unayoyajua. Kondoa utakutana na Warangi, Chemba na Wasandawe pia, na malishoni Wamasai na Wataturu. Mkalimani awe mtumishi wa afya au ndugu mtu mzima ambaye mgonjwa amemkubali. Usimtumie mtoto kumtafsiria mama yake maswali ya uzazi. Na umri hautenguliwi na koti jeupe. Mzee akiingia, daktari kijana anatanguliza shikamoo, anasubiri marahaba, ndipo anauliza shida.

Hatua ya tano: wagonjwa ishirini

Hiki ndicho kiini cha rotesheni, nami nakipa nafasi kubwa kuliko vingine. Kufikia mwisho wa wiki ya pili, residenti awe na daftari lenye wagonjwa kati ya kumi na tano na ishirini ambao ni wake. Msimamizi amsaidie kuwachagua ili wawe wa aina mbalimbali: wajawazito watatu au wanne watakaojifungua kabla hajaondoka, mtoto mwenye utapiamlo, mgonjwa wa kifua kikuu aliye katikati ya dozi, mtu anayeishi na VVU, wazee wawili wa shinikizo la damu, mwenye kisukari, kijana mwenye kifafa, mtu mwenye ugonjwa wa akili aliyeruhusiwa kutoka Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, na mzee anayekaribia mwisho wake nyumbani.

Kila mmoja aonwe zaidi ya mara moja, na angalau nusu yao watembelewe nyumbani. Anayefuatana naye ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, kwa ridhaa ya mgonjwa iliyoombwa mapema, bila gari lenye maandishi makubwa kusimama mlangoni kwa mwenye siri ya kuilinda.

Nyumbani kuna majibu ambayo chumba cha daktari hakina. Chukua mfano wa mama wa miaka sitini, shinikizo lake halishuki, kadi inaonyesha anapewa dawa kila mwezi. Mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

“Shikamoo mama. Dawa zinakwenda vizuri?”
“Marahaba mwanangu. Zinakwenda. Lakini nagawana na baba yenu, naye kichwa kinamuuma.”

Kuongeza dawa ya pili kusingetatua hilo. Sasa residenti ana wagonjwa wawili, na baba anapimwa pale pale kwenye kigoda.

Kifafa nacho kinafundisha mengi. Kijana akianguka kwenye moto wa kuni, anakuja hospitali kwa ajili ya kidonda cha kuungua, kidonda kinafungwa, na kifafa kinarudi naye nyumbani bila dawa. Residenti aulize chanzo cha kila kidonda cha moto cha mtu mzima. Kisha ajue dawa ipi inapatikana zahanati ya kijiji hicho mwaka mzima, kwa sababu dozi inayokatika ghafla huleta degedege mpya. Akumbuke pia kuwa valproeti, mojawapo ya dawa za kifafa, haifai kwa msichana au mwanamke anayeweza kupata mimba pale ambapo dawa nyingine ipo. Na akae na familia azungumzie shule, ndoa na imani za uchawi bila kumkejeli mtu.

Macho yasisahaulike. Kongwa imekuwa eneo la utafiti wa trakoma, ugonjwa wa macho wa kuambukiza, kwa miongo kadhaa, na bado utakutana na bibi ambaye kope zimegeukia ndani na zinakwaruza jicho. Kumfunulia kope na kuzitazama kwa tochi kunachukua dakika moja. Upasuaji mdogo unaokoa kuona kwake. Kunawisha watoto nyuso na kuwa na choo kunawaokoa wajukuu.

Hatua ya sita: umbo la wiki

Usigawe rotesheni kwa idara. Igawe wiki yenyewe. Mfano unaofanya kazi ni huu: asubuhi nne raundi ya wodi, akianza na wagonjwa wake. Alasiri mbili kliniki yake, ambapo wale ishirini wanarudi na wapya wanaingia. Siku moja nzima upasuaji na leba. Siku moja zahanati. Nusu siku kutembelea kaya, nusu siku kusoma na kukaa na msimamizi. Zamu za usiku zisizidi mbili kwa wiki, na asubuhi inayofuata zamu apumzike. Kwenye hospitali ndogo hili huvunjwa bila mtu kulitamka, ndiyo maana liandikwe kwenye makubaliano.

Mjamzito wake akifika leba usiku, residenti aitwe hata kama si zamu yake. Ataudhika mara ya kwanza. Mara ya pili atakuja anakimbia.

Hatua ya saba: siku ya zahanati

Aende zahanati ile ile kila wiki. Anayebadilisha zahanati kila safari anabaki mgeni, na wagonjwa wagumu hawawekwi kumsubiri mgeni.

Lengo ni usimamizi shirikishi. Muuguzi wa zahanati ndiye mwenyeji. Yeye anaamua nani aonwe. Asubuhi wanaangalia pamoja wagonjwa aliowaweka kwa ajili ya siku hiyo. Kisha wanafungua daftari na kujadili wagonjwa watatu wa wiki iliyopita, kwa nusu saa, bila kumtafuta mchawi. Mchana kama kuna huduma ya mkoba, yaani kliniki inayowafuata watu, kitongojini, residenti anaungana nayo: anapima mizani, anazungusha utepe kwenye mkono wa mtoto (chini ya sentimita 11.5 kwa mwenye miezi 6 hadi 59 ni utapiamlo mkali), anachoma chanjo kwa maelekezo ya muuguzi. Madaktari wengi hawajawahi kubeba kasha la chanjo. Wakilibeba wanaelewa kwa nini barafu, mafuta ya pikipiki na saa ya kuondoka ni mambo ya kitabibu.

Homa ifundishwe hapa. Dodoma ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo nchini, lakini mazoea ya kuita kila homa malaria hayajaisha. Kipimo cha haraka kikionyesha hakuna vimelea, kazi ndiyo inaanza. Mtoto anahesabiwa pumzi, anaangaliwa masikio na koo, mkojo unapimwa. Kwa mfugaji maswali ni mengine: mnakunywa maziwa mabichi? Ng’ombe wametupa mimba? Mmekula nyama ya mnyama aliyekufa mwenyewe? Brusela na kimeta, magonjwa yatokayo kwa mifugo, vinagundulika kupitia majibu hayo. Mlipuko wa Homa ya Bonde la Ufa wa 2006 na 2007 uliugonga mkoa huu kwa nguvu, na mifugo huonyesha dalili kabla ya watu. Namba ya simu ya afisa mifugo wa kata iwe kwenye simu ya residenti.

Hatua ya nane: usimamizi wenye meno

Kwa kila ujuzi residenti awekewe ngazi: anatazama, anafanya msimamizi akiwa pembeni, anafanya msimamizi akiwa ndani ya jengo, anafanya peke yake. Msimamizi anatia saini kwenye kitabu cha mafunzo anapopanda ngazi, na anaweza kumshusha. Mara moja kwa wiki msimamizi akae kimya amtazame akimhudumia mgonjwa mmoja kuanzia salamu hadi kuagana, kisha wazungumze papo hapo: nini kiendelee, nini kibadilike wiki ijayo.

Ustadi wa dharura upimwe wiki ya pili, kwa mdoli na kwa saa. Mtoto mchanga asiyelia anatakiwa awe anapewa pumzi kwa mfuko na barakoa ndani ya dakika moja tangu azaliwe. Mafunzo haya yamefanyiwa kazi kubwa katika hospitali ya Haydom, jirani zetu wa Manyara. Mama anayetoka damu baada ya kujifungua apate oksitosini (dawa ya kukaza kizazi) iliyotunzwa kwenye baridi, na asidi ya traneksamiki (dawa ya kusaidia damu igande) gramu 1 kwenye mshipa ndani ya saa 3. Residenti aoneshe vitu hivyo vimewekwa wapi, gizani, umeme ukiwa umekatika.

Kisha liwepo karatasi ukutani, chumba cha zamu, lenye mambo ambayo residenti hupiga simu bila kujiuliza:

- upasuaji wowote wa tumbo, kabla ya kuingia chumbani
- damu baada ya kujifungua isiyokoma kwa dozi ya kwanza ya oksitosini
- degedege la zaidi ya dakika 5, au mtoto aliyepoteza fahamu
- ndugu wanaotaka kumwondoa mgonjwa mahututi
- mgonjwa aliyemwona mara mbili ndani ya saa 24 na bado haelewi anaumwa nini
- kifo cha mama au cha mtoto mchanga, saa yoyote

Chini yake jina na namba ya msimamizi wa usiku huo, na namba ya pili kama mtandao unasumbua. Simu ya saa tisa usiku ipokelewe kwa sauti njema. Residenti akikaripiwa mara moja, ya pili hatapiga, na gharama yake ataibeba mgonjwa.

Hatua ya tisa: rufaa hadi mwisho wake

Kupeleka mgonjwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Benjamin Mkapa au Mirembe kunaanza na simu kwa atakayempokea, barua inayosomeka, na kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga, mfumo wa usafiri wa dharura wa m-mama. Kabla gari halijaondoka, residenti aulize ndugu wana nini mfukoni, bima ipo au haipo, nani atabaki na watoto, na mbuzi wangapi wanauzwa leo ili safari iwezekane. Kuna familia zitakataa rufaa kwa sababu hizi, na zinastahili mpango wa pili ulio wa heshima.

Akipata nafasi mjini aende kumwona mgonjwa wake huko. Akiruhusiwa, ahakikishe karatasi ya marudio imefika zahanati ya kijiji, maana ndiko dawa zitakakoendelezwa.

Hatua ya kumi: residenti mwenyewe

Nyumba iwe na mlango unaofungika, maji na umeme wa akiba. Visima vingi vya Dodoma ni vya chumvi, basi mwambieni mapema maji ya kunywa yanapatikana wapi. Mwenye mtoto mchanga asaidiwe kupata yaya na nyumba ya karibu. Wikendi mbili kwa mwezi aende kwao. Upweke unaingia polepole, hasa baada ya kifo cha kwanza cha mgonjwa aliyemtembelea nyumbani. Msimamizi asisubiri aambiwe, amwalike chakula cha jioni, wale ugali na mlenda, wamzungumzie marehemu.

Hatua ya kumi na moja: mradi mdogo, na kukabidhi

Mradi wa jamii uchaguliwe na kijiji, baada ya residenti kuwarudishia takwimu zao za MTUHA kwenye mkutano wa kijiji. Uwe mdogo wa kumalizika: kaya za kitongoji kimoja zianike karanga na mahindi juu ya turubai badala ya udongo, au kadi za wagonjwa wa shinikizo zipangwe upya ili aliyekosa tarehe atafutwe wiki hiyo hiyo. Kila kitu kiendeshwe na watu watakaobaki.

Wiki ya mwisho ni ya kukabidhi. Kila mmoja wa wale ishirini aagwe ana kwa ana na kutambulishwa kwa mtumishi atakayemwona baadaye, kwa jina. Ukurasa mmoja kwa kila mgonjwa uingie kwenye faili lake: shida, dawa, nani nyumbani anasaidia, tarehe ya kurudi. Taarifa fupi iende kwa Mganga Mkuu wa Wilaya na kwa mwenyekiti wa kijiji. Ikiwezekana, panga residenti anayefuata afike siku tano kabla huyu hajaondoka, ili watembee pamoja kaya kwa kaya na daftari libadilishe mikono mbele ya wagonjwa wenyewe.